Jiko halishiki moto? Chungulia jivu kwanza: dalili, chanzo na vifaa vya kujitengenezea

Mtu akiniambia mkaa wa siku hizi mbovu, huinama kwanza nikachungulia chini ya jiko lake. Mara nyingi jibu nalikuta limelala palepale: jivu la jana, la juzi na la wiki iliyopita, limepanda hadi usawa wa matundu ya hewa. Mkaa unasingiziwa bure.

Nachoma mishikaki na kuku jioni hapa Tanga. Jiko langu ni lile analolijua kila mchomaji: pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, likapewa miguu ya nondo, likatobolewa pembeni, wavu ukawekwa juu. Nyumbani tuna jiko dogo la udongo lenye koti la bati, lile lililoanza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na huku kwetu likajulikana kama jiko bora. Haya nitakayoyaeleza yanahusu majiko yote mawili. Nimeyapanga kwa dalili, maana mwenye wateja wanaosubiri hana nafasi ya kusoma tangu juu. Ila anza na vifaa, kwa kuwa nitavitaja kila mahali.

Vifaa vyenyewe

Chenye kazi kubwa ni kikwaruo. Pipa lina tumbo la mviringo, kwa hiyo beleshi au kipande cha ubao kilichonyooka hugusa mahali pamoja tu na jivu la pembeni hubaki. Ubapa wa kikwaruo sharti ufuate mkunjo wa pipa lako. Chukua kadibodi, isimamishe ndani ya pipa, kata kidogokidogo huku ukijaribisha mpaka ikae bila kuacha mwanya. Upana wa sentimita 18 hadi 20 unatosha. Hamishia umbo hilo kwenye bati nene. Mabaki ya mfuniko wa pipa hilohilo ndiyo bora. Mpini ni nondo ya milimita 8, urefu wa mita moja, kwa sababu pipa lina urefu wa sentimita 88 hivi na hutaki mkono wako uingie ndani. Fundi wa kuchomelea ataubandika kwa dakika tano. Kama huna fundi karibu, kunja ncha ya nondo kama herufi L, toboa matundu manne kwenye bati kwa msumari, kisha funga kwa waya ule wa kufungia nondo, mizunguko mitatu kila tundu. Piga tupa kingo zote. Bati lililokatwa bila kupigwa tupa limeshawapasua watu viganja.

Kichota ni kopo la maziwa ya unga lililokatwa kwa mshazari, likabaki na kitako kizima na mdomo uliochongoka. Kunja kingo zake kwa koleo ili zisikate. Kwenye kitako weka kipande cha mpini wa ufagio, skrubu ikitokea ndani ya kopo kuingia kwenye mti. Usitumie kopo lililokuwa na rangi au dawa ya kuulia wadudu, hata ulioshe vipi.

Chekeche: kipande cha wavu wa kuchekechea mchanga kilichopigiliwa kwenye fremu ya mbao nne. Mafundi ujenzi hutupa vipande kama hivyo kila wanapomaliza nyumba. Ukikosa, debe kuukuu lililotobolewa kwa msumari mnene linafanya kazi ileile.

Ufagio ni chelewa za ufagio uliochakaa, zikakatwa kubaki sentimita 20, zikafungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Zikiwa fupi zinakuwa ngumu, na ugumu huo ndio unaotakiwa pembeni na kwenye mikunjo. Spoki moja ya baiskeli iliyokunjwa ncha kama ndoano itazibua matundu. Halafu ndoo ya bati yenye mfuniko. Narudia: ya bati.

Angalizo moja kuhusu bati la kuezekea. Lina mipako ya zinki. Kwa kichota cha jivu lililopoa halina neno. Lakini usilifanye wavu wa kuchomea wala kitu chochote kinachokaa motoni, kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye nyuzi joto 419, makaa yanayowaka huvuka hapo kwa urahisi, na mafusho yake yakivutwa huleta homa.

Dalili: unapepea mpaka bega linauma, moto hauchangamki

Vyanzo ni vitatu na huwa vinachanganywa: njia ya hewa imezibwa na jivu, mkaa una unyevu, au umejaza chenga. Kuvitenganisha ni kazi ya dakika mbili.

Weka makaa machache yaliyokwisha kushika juu ya sahani ya jiko, ile sehemu yenye matundu inayobeba mkaa. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni, ushikilie mbele ya mdomo wa chini. Hewa moto hupanda, na inapopanda huvuta hewa baridi kutoka chini. Kwa hiyo ukanda unatakiwa uinamie ndani. Ukiinama, njia iko wazi, tafuta kosa kwenye mkaa. Ukining'inia tu kama nguo kwenye kamba siku isiyo na upepo, njia imeziba. Fanya jaribio hili mahali pasipo upepo, la sivyo utadanganywa.

Sikiliza pia. Mkaa wenye unyevu hulalamika: unapasuka, unarusha cheche, unatoa moshi mweupe mzito mwanzoni. Jiko lililozibwa na jivu huwa kimya. Kaa linawaka jekundu ukipepea, ukiacha tu linafifia na kujifunika kijivu. Ukimya huo ndio unaonipeleka moja kwa moja chini ya jiko.

Dawa kwa jiko la udongo: toa kila kitu, ligeuze juu ya gazeti ulipige kiubavu kwa kiganja, si kwa nyundo, kisha pitisha spoki katika kila tundu la sahani ukitokea chini kwenda juu. Ukitokea juu unasukuma vipande vya mkaa vinakwama katikati ya tundu, maana udongo wa sahani ni mnene na matundu mengine huwa membamba upande mmoja. Wengi huzibua matundu ya katikati wakasahau mzunguko wa nje. Hesabu. Langu lina matundu 19, na kila mara nikipata 17 najua mawili yamejificha chini ya ukoko.

Kwa pipa, tazama kama mkaa wako unalala moja kwa moja kwenye kitako. Mapipa mengi yako hivyo, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa: jivu halina pa kuangukia, linabaki katikati ya makaa na kuyakaba. Nilipoweka ndani wavu wa pili wa nondo nyembamba, sentimita 10 juu ya kitako, mkaa ukakaa juu yake na jivu likaanza kudondoka lenyewe. Nafasi kati ya nondo na nondo iwe sentimita 2 au pungufu, vinginevyo nusu ya mkaa wako itateremka pamoja na jivu. Katika yote niliyowahi kufanya kwenye jiko lile, hili ndilo lililobadilisha mambo, na lilinigharimu vipande vya nondo vilivyobaki kwenye ujenzi wa jirani pamoja na chai ya fundi.

Dalili: moto mzuri mwanzoni, unakufa nyama ikiwa nusu

Hapa mkaa ulishika vizuri, kwa hiyo usihangaike na unyevu. Kinachotokea ni kwamba kila kaa linajivika koti la jivu kadiri linavyoungua. Koti hilo huzuia hewa isifike kwenye mkaa na joto lisitoke. Wazee wetu waliijua siri hii wakaitumia kwa faida: usiku walifukia kinga cha moto jivuni, asubuhi wakifukua wanakuta kaa hai la kuwashia. Jivu linalolala juu ya makaa yako saa moja usiku linafanya kazi ileile, ila wewe hukuihitaji wakati huo.

Kosa la kawaida ni kushika kipepeo na kupeperusha kwa nguvu juu ya wavu. Jivu linaruka, linatua kwenye nyama, na lililo chini linabaki. Sogeza nyama upande mmoja kwanza. Ingiza ndoano ya spoki au ncha ya nondo katikati ya makaa, uyatikise taratibu mahali pale yalipo bila kuyapindua. Jivu litashuka kwenye nafasi ya chini. Ngoja kidogo vumbi litulie, rudisha nyama. Kwa pipa lenye mkaa mwingi, fanya hivyo kila baada ya nusu saa hivi, kabla moto haujafifia. Ukingoja ufifie utalazimika kuongeza mkaa mpya, mkaa mpya utatoa moshi, na mteja aliyekaa upande wa upepo atahama meza.

Kama inatokea kila siku hata ukitikisa, pima kina cha jivu chini ya wavu wa ndani kabla ya kuwasha. Ukiona limebakiza chini ya sentimita 4 kufikia wavu, jiko halitamaliza jioni.

Dalili: upande mmoja unaunguza, mwingine umepoa

Angalia miguu kwanza. Pipa likiinama, jivu na vipande vidogo huteremkia upande wa chini kila unapokwaruza, wiki kwa wiki, mpaka matundu ya upande ule yanafunikwa. Weka chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya ukingo, utaona. Jiwe bapa chini ya mguu mmoja linamaliza kazi.

Miguu ikiwa sawa, ni upepo. Huku pwani jioni upepo unatoka baharini, na jiko likiwa mahali pamoja kila siku jivu hurundikana upande uleule. Geuza pipa kichwa huku mkia kule mara moja kwa wiki.

Dalili: nyama ina vumbi jeupe

Ndugu zangu wa biashara, hili linatia aibu zaidi kuliko nyama mbichi, kwa sababu mteja analiona kabla hajaonja. Jivu jeupe jepesi ni la mkaa mzuri ulioungua hadi mwisho. Halina sumu, lakini linasaga menoni na lina ladha ya magadi.

Chanzo kikubwa ni jivu la zamani. Umewasha moto mpya juu ya jivu la jana, ukapepea, lote limenyanyuka. Kwaruza kabla ya kila kuwasha. Ukikwaruza baada ya tatizo kutokea utakuwa umechelewa kwa siku hiyo. Chanzo cha pili ni namna ya kupepea: peleka upepo kwenye mdomo wa chini au matundu ya pembeni, pigo fupi fupi. Chanzo cha tatu ni haraka. Mkaa ukishageuka mweupe kote, pepea kwa nguvu mara kadhaa wakati wavu bado mtupu, jivu la juu liondoke lote, ndipo utandaze mishikaki.

Wapo wanaonyunyiza maji ili vumbi lilale. Linalala kweli, kwa dakika moja. Mvuke unaopanda hubeba jivu laini mpaka kwenye nyama na kulibandika, na maji yaliyobaki chini yanatengeneza dalili inayofuata.

Dalili: jivu limegandamana kama saruji

Jivu la mti lina chokaa ndani yake. Likilowa na kukauka, likalowa tena na kukauka, hushikana kuwa bamba gumu. Masika yakishaanza mwezi wa tatu, kila jiko lililoachwa nje bila kufunikwa hupatwa na hili. Mafuta ya nyama yakichanganyika humo huwa vibaya zaidi: ukoko mweusi unaong'aa, unaonata ukiwa wa moto na kuwa kama lami ukipoa.

Usilipige nyundo. Bati la pipa lina unene wa milimita moja hivi, nyundo inalibonyeza na kutoa mpasuko. Udongo wa jiko dogo ndio kabisa, utabaki na vigae. Liache likauke kwanza, siku nzima juani jiko likiwa limelazwa kiubavu. Kisha chukua patasi kuukuu au kipande cha springi bapa ya gari kilichonolewa upande mmoja, kiingize kati ya bamba na bati kwa pembe ndogo, ukisukuma kwa kiganja. Bamba huanza kutoka vipande vikubwa ukipata ukingo wake. Anzia pembeni siku zote, hapo ndipo limeshika kidogo.

Kwa ukoko wa mafuta, washa moto mdogo juu yake kwa robo saa bila kuweka nyama, ulainike, halafu kwaruza ukiwa bado vuguvugu. Vaa glavu. Jivu lililolowa ni kali kwa ngozi. Maji yake ndiyo watu wa kale waliyochanganya na mafuta kupata sabuni. Mikono yako isiyo na glavu itachubuka, na kama una kidonda utakijua.

Dalili: kutu, na pipa limeanza kutoboka chini

Hapa nina ugomvi wa muda mrefu na wachomaji wenzangu. Wengi wanaamini jivu linalinda kitako cha pipa kisiungue, kwa hiyo wanaliacha kwa makusudi, vidole viwili au vitatu. Nusu ya maneno yao ni kweli: tabaka la jivu kavu huzuia joto lisifike kwenye bati. Lakini jivu hunyonya unyevu kutoka hewani, na huku pwani hewa yenyewe ina chumvi. Usiku kucha, wiki nzima, bati limelalia kitambaa chenye majimaji na chumvi. Pipa langu la kwanza lilinitobokea kwenye kitako, palepale nilipokuwa nikiacha jivu la kulilinda, huku pembeni ambako moto ulipiga moja kwa moja bati likiwa bado zima.

Kujua kama limeshaisha, gonga kitako kwa mpini wa mbao ukitokea nje. Bati zima lina mlio. Lililoliwa linatoa sauti nzito isiyo na mwangwi na magamba ya kutu yanadondoka.

Dawa: toa jivu lote, hata lile la kwenye mikunjo miwili inayozunguka tumbo la pipa, maana hapo ndipo ufagio wa chelewa unapopata heshima yake. Kwaruza kutu inayochopoka. Washa moto mdogo kukausha kabisa. Likiwa vuguvugu, lipake mafuta ya kupikia kwa kitambaa, ndani na nje, tabaka jembamba. Kama unataka kukilinda kitako na joto, tandika matofali ya kuchoma yaliyolala bapa, au udongo wa mfinyanzi uliokandwa na mchanga. Vitu hivyo unaweza kuvikwaruza juu yake bila kuviondoa. Kwa tundu lililokwisha kutokea, kiraka cha bati nene kwa ndani kikifungwa kwa bolti mbili kitakuvusha msimu. Zaidi ya kiganja kimoja, tafuta pipa jingine.

Na jiko lilale limefunikwa. Nusu ya pili ya pipa lilelile, ukiipa bawaba, ni mfuniko tosha.

Dalili: ndoo ya jivu inatoa moshi saa tano usiku

Hii ningependa isomwe hata na asiye na tatizo lolote leo.

Nimeshasema jinsi kaa linavyoishi jivuni hadi asubuhi. Linaweza kuishi zaidi ya hapo. Jivu lililorundikwa kwa wingi huweza kuweka kaa hai siku mbili na zaidi, hasa likiwa limeshindiliwa kwenye chombo kirefu. Kwa juu ni baridi. Unaweza kuweka kiganja usihisi chochote. Jirani yangu aliweka kiganja namna hiyo, akaridhika, akamwaga jivu kwenye ndoo ya plastiki na kuiegemeza kwenye ukuta wa makuti wa banda lake. Usiku ndoo iliyeyuka chini, kaa likapata hewa, makuti yakashika. Bahati kulikuwa na mtu anarudi kutoka kwenye msiba akaona mwanga. Banda lilipoteza ukuta mmoja, na watoto watatu walikuwa wamelala upande wa pili.

Kwa hiyo: jivu liingie kwenye ndoo ya bati, mfuniko juu, ndoo ikae juu ya tofali au mchanga, mbali na makuti, magunia na mkaa wenyewe. Likae siku nne kabla ya kumwaga popote. Ukilazimika kulitoa mapema, limwage kwa wepesi juu ya mchanga mtupu, litandaze kwa kikwaruo liwe jembamba kama unga wa kuanika, kisha nyunyiza maji ukiwa umesimama upande unakotoka upepo. Usimwage maji ndani ya jiko lenye moto. Mvuke hulipuka na jivu usoni, na udongo wa jiko dogo hupasuka kwa kupoa ghafla.

Liko jambo jingine linalofanana na hili. Jiko lililojifunika jivu linaonekana limezima, watu wakaliingiza ndani kwa sababu ya mvua au wezi. Makaa yale bado yanatoa gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa hujaa bila mtu kushtuka. Familia nzima zimelala zisiamke. Jiko linaingia ndani likiwa limepoa kabisa, jivu limeshatolewa, mkono wako umegusa kitako. Kabla ya hapo libaki nje, wezi wakitaka walichukue.

Dalili: jivu ni jingi kuliko mkaa uliowasha

Mkaa mzuri wa mti mgumu huacha jivu kama asilimia 3 hadi 5 ya uzito wake. Yaani kilo moja inaacha kiganja kimoja, viwili vikizidi. Ukichota makopo mazima baada ya jioni moja, angalia rangi. Jeupe au kijivu laini ni la mti. Jekundu au kahawia lenye chembe ngumu na vijiwe vilivyoungana ni udongo uliokuja na gunia, kutoka kwenye tanuri la kienyeji lililofunikwa kwa udongo. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ukoroge: udongo na mchanga huzama haraka na kukwaruza kwenye glasi. Dawa ni kuchekecha mkaa kabla ya kuwasha, na kumwambia muuzaji umeona.

Mkaa wa kubanwa, ule wa kutengeneza kwa vumbi la mkaa na kiunganishi cha udongo, huacha jivu jingi kwa asili yake. Hauna kosa, unahitaji tu nafasi kubwa zaidi chini na kukwaruza mara nyingi zaidi.

Kabla hujatupa, chekecha. Vipande vya mkaa ambavyo havijaungua hubaki juu ya wavu, na mimi napata vya kutosha kuanzishia moto wa kesho karibu kila siku. Funga kitambaa chenye unyevu puani, simama upepo ukiwa mgongoni. Jivu lenyewe lililopoa linafaa kwenye choo cha shimo kupunguza harufu na inzi, na kwenye bustani ya mchicha kwa kiasi kidogo. Usilichanganye na mbolea ya SA (salfeti ya amonia) au yurea siku moja. Nguvu ya mbolea huondoka kama mvuke wenye harufu kali. Wala usiliweke mahali ambapo ardhi tayari ni ya magadi.

Dalili: umekwaruza, lakini jiko halijatakata

Kikwaruo kikiacha mistari sambamba ya jivu, mkunjo wake haulingani na pipa. Paka chaki kwenye ukingo wa bati, kwaruza mara moja ndani ya pipa tupu, uone chaki ilipofutika: hapo ndipo panapogusa sana, punguza kwa tupa. Kichota kikimwaga nyuma, umekikata mshazari mrefu mno. Rudishia ukuta kwa ukanda wa bati. Ufagio wa chelewa ukiungua ncha, jivu halijapoa, nawe ulikuwa uendelee kusubiri.

Kwa wavu wa juu watu hukimbilia brashi ya nyuzi za waya. Mimi nimeiacha. Nyuzi hukatika, hunata kwenye mafuta ya wavu, zikahamia kwenye nyama. Marekani mwaka 2012 taasisi ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilitoa taarifa ya wagonjwa sita wa Providence, Rhode Island, waliomeza nyuzi za aina hiyo. Baadhi zilichoma koo, nyingine zilitoboa utumbo. Badala yake napasha wavu, nasugua kwa makumbi ya nazi yaliyofungwa kwenye kijiti, namalizia kwa nusu ya kitunguu kilichochomekwa kwenye uma. Makumbi yakichakaa yanaingia motoni, na kesho nafunga mengine. Kikwaruo na kichota vinaning'inia kwenye ndoano ya mguu wa pipa, upande wa nje usiopata joto, ili kijana atakayekuja kuwasha asiwe na sababu ya kuanza bila kukwaruza.